Matone ya vitamini D na mtoto anayeuguaugua

Wazazi wenzangu huniuliza swali hili mara kwa mara: mtoto haishi kikohozi, je, nimpe vitamini D? Jibu langu fupi ni kwamba mpe kama ana upungufu au yumo kwenye kundi la walio hatarini, mpe kiasi kidogo kila siku, na usiitegemee imkinge na kila maradhi. Jibu refu ndilo makala hii. Nimelea mtoto wa namna hiyo, na katika kumuuguza nimesoma mengi, nimeuliza wataalamu wengi, na nimeona wazazi wakitupwa huku na huku baina ya wanaosema vitamini hii inatibu kila kitu na wanaosema haina maana yoyote.

Binti yangu wa pili alikuwa mtoto wa kifua tangu uchanga. Mafua ambayo kaka yake aliyapata Jumatatu na kuyamaliza Ijumaa, yeye yalimshukia mapafuni. Akalazwa kwa nimonia, akatoka, akarudi tena. Kila tulipokwenda alisikilizwa kifua, tukaandikiwa dawa ya kuua bakteria, tukarudi nyumbani.

Daktari aliyebadilisha mambo hakuanza na kifua. Alimvua nguo zote akamtazama mtoto mzima. Akamshika vifundo vya mikono, kimoja kimoja, akivizungushia kidole gumba. Akampapasa utosi, ambao kwa umri wake ulipaswa kuwa umeanza kufunga vizuri, kisha akapitisha vidole polepole kando ya mbavu, pale mfupa unapokutana na gegedu. Akachukua mkono wangu akaniweka palepale. Nilihisi vinundu vidogo vimejipanga mstari, upande wa kulia na wa kushoto. Kisha akauliza: alizaliwa kabla ya siku zake? Ananyonya tu, au anapata na maziwa mengine? Hutoka nje? Ameshasimama dede? Damu ikapimwa, na kiwango cha vitamini D kikaonekana kiko chini ya nanogramu 10 kwa mililita. Wataalamu wengi huhesabu kwamba 20 kwenda juu inatosha, na chini ya 12 ni upungufu wa wazi.

Mwanangu alikuwa na matege yanayoanza, na hapo ndipo nilipoelewa uhusiano ambao watu wengi hauwajii akilini. Vitamini D ndiyo inayowezesha utumbo kufyonza kalsiamu, madini yanayokaza mifupa, kutoka kwenye chakula. Ikipungua, mifupa inayokua hubaki laini. Tunafikiria miguu iliyopinda kwa sababu ndiyo inayoonekana, lakini mbavu nazo ni mifupa. Mbavu laini haziwezi kulivuta pafu likajaa hewa sawasawa, na misuli ya mtoto mwenye upungufu mkubwa huwa dhaifu, kwa hiyo hata kukohoa kwake hakuna nguvu ya kutoa makohozi. Yanayotuama humo ndani huwa makazi ya bakteria. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo kutoka Addis Ababa, Ethiopia, ambako walilinganisha watoto 500 waliolazwa kwa nimonia na wengine 500 wasio na nimonia. Uwezekano wa kukuta matege kwa wenye nimonia ulikuwa takriban mara 13 zaidi. Kila nikikumbuka zile mbavu chini ya vidole vyangu, tofauti kubwa kiasi hicho hainishangazi.

Ipo njia ya pili, nayo inapita kwenye kinga ya mwili wenyewe. Ngozi ikipigwa na miale ya jua hutengeneza vitamini D, ini huibadilisha mara ya kwanza, na figo huibadilisha mara ya pili ndipo inapofanya kazi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kazi hiyo ya mwisho ni ya figo karibu peke yake. Baadaye ikaonekana kwamba hata zile seli za kinga zinazomeza vijidudu zina uwezo wa kuiamsha vitamini hii zenyewe, humo humo ndani yake, na zikishafanya hivyo hutoa protini ndogo yenye uwezo wa kuua bakteria. Mwaka 2006 watafiti walionyesha jinsi jambo hilo linavyofanyika mbele ya vimelea vya kifua kikuu. Habari hiyo iliamsha matumaini makubwa, na ndiyo iliyozaa matangazo mengi unayoyaona leo.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana kati ya kuona jambo kwenye maabara na kumponya mtoto kuna safari ndefu. Majaribio makubwa yalifanyika. Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa yuniti 100,000 za vitamini D kila baada ya miezi 3 kwa mwaka mmoja na nusu, na jingine likapewa kinywaji kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: nimonia haikupungua. Mongolia, watoto wa shule wapatao 8,850, wengi mno wao wakiwa na upungufu, walipewa yuniti 14,000 kila wiki au dawa isiyo na kitu kwa miaka 3. Damu zao zilijaa vitamini, lakini maambukizi ya kifua kikuu yalikuwa yaleyale kwa makundi yote mawili. Hiyo ilichapishwa mwaka 2020. Toronto, Kanada, watoto wadogo wenye afya nzuri walipewa yuniti 2,000 kwa siku na wenzao 400, na idadi ya mafua kipupwe kile haikutofautiana.

Upande wa pili yapo ya kutia moyo. Japani, wanafunzi waliopewa yuniti 1,200 kwa siku majira ya baridi walipata homa ya mafua ya aina A kwa asilimia 10.8, na wenzao kwa asilimia 18.6. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 25 kutoka nchi mbalimbali wakayachambua kwa pamoja. Waliona kinga ndogo dhidi ya maambukizi ya njia ya hewa, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na upungufu mkubwa tangu mwanzo na waliopewa dozi ndogo kila siku au kila wiki. Waliopewa dozi kubwa za mkupuo hawakufaidika. Majaribio yalipoongezeka, kinga hiyo ikazidi kuwa nyembamba, na katika mjumuisho wa mwaka 2025, wenye watu zaidi ya 60,000, ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutofautishwa kwa uhakika na bahati.

Mimi nayasoma hivi. Mtoto mwenye upungufu anaumizwa na upungufu, na kuuziba ni haki yake, iwe mafua yatapungua au hayatapungua. Mtoto ambaye damu yake ina vitamini ya kutosha hapati ngao ya ziada kwa kuongezewa. Kisima kilichojaa hata ukikimwagia maji hakiongezeki.

Lipo na jambo jingine linalowapotosha wazazi. Ukimpima mtoto aliye kitandani, mara nyingi kiwango kitakuwa chini. Lakini ugonjwa wenyewe humfungia ndani, humkatisha hamu ya kula, na mwili unapopambana na maambukizi kiwango cha vitamini D kwenye damu huweza kushuka. Kwa hiyo usiruke ukasema amepata ugonjwa kwa sababu vitamini imepungua. Yaweza kuwa kinyume chake. Daktari wetu hakuegemea karatasi ya maabara peke yake. Aliegemea mifupa kwanza.

Nani hasa yuko hatarini? Kwanza ni mtoto anayenyonya tu bila nyongeza yoyote. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto mchanga na hayana mbadala, lakini vitamini D ndani yake huwa kidogo. Mama mwenzangu, usije ukaacha kunyonyesha kwa kusoma sentensi hiyo. Endelea kunyonyesha, umpe na matone. Wengine ni waliozaliwa kabla ya siku zao, watoto wenye ngozi nyeusi wanaokulia nchi zenye jua hafifu, watoto wasiotoka nje au wanaofunikwa mwili mzima, wenye maradhi ya ini, ya figo au ya utumbo usiofyonza chakula vizuri, na wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa kwa muda mrefu, kama phenobarbital na phenytoin. Kama wako hayumo humo na anakua vizuri, sioni haja ya kukimbilia kipimo cha damu. Hata miongozo ya kitabibu haishauri kuwapima watoto wote.

Kumwanika jua kupitia dirishani hakusaidii kitu, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hapaswi kuachwa kwenye jua kali, ngozi yake bado laini mno.

Sasa kipimo. Mapendekezo yanayotumika nchi nyingi ni yuniti 400 kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, sawa na maikrogramu 10, na yuniti 600 kwa jumla, chakula kikiwemo, kuanzia mwaka mmoja kwenda juu. Anayetumia maziwa ya kopo ya kutosha, yapata lita moja kwa siku, kwa kawaida huipata humo na hahitaji matone. Mtoto mwenye matege hupewa zaidi ya hapo, pamoja na kalsiamu, lakini hiyo ni tiba, na tiba hupangwa na daktari.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi alifanye leo ni kuishika ile chupa na kusoma maandishi yake madogo. Zipo chupa ambazo tone moja lina yuniti 400, na zipo ambazo yuniti 400 ni mililita nzima ya kitoneshi. Kwa macho zinafanana, na zote zimeandikwa vitamini D ya watoto. Mzazi aliyezoea kujaza kitoneshi akibadilishiwa chupa asisome, atampa mtoto kiasi cha siku nyingi kwa mara moja, na kesho tena, na kesho kutwa. Tafuta herufi IU, ndizo zile yuniti, tazama namba iliyo mbele yake, kisha tazama imeandikwa ni kwa tone au kwa mililita. Mimi huandika kwa kalamu nene ubavuni mwa chupa, TONE MOJA, ili atakayempa mtoto nisipokuwepo asikisie. Na tumia kitoneshi kilichokuja na chupa hiyo, si cha chupa iliyokwisha.

Vitamini hii ikizidi mwili hauikojoi, huitunza kwenye mafuta. Kalsiamu ikapanda kwenye damu, na mtoto akaanza kutapika, kukosa choo, kuwa na kiu isiyokwisha na kukojoa sana, hadi figo zikaumia. Kiwango cha juu ambacho wataalamu wa Marekani wanasema kisipitwe bila usimamizi ni yuniti 1,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, 1,500 hadi atimize mwaka, na 2,500 kwa wa mwaka 1 hadi 3. Anayekwambia umpe ampuli nzima, kile kichupa cha dozi kubwa ya mkupuo, kila mwezi ili asiugue, muulize ameona wapi mtoto asiye na upungufu akinufaika nayo.

Binti yangu alipopata tiba, mbavu zilikaza, vifundo vikapungua, akasimama, akatembea. Na nimonia? Haikurudi. Lakini alikuwa pia amekua, alikuwa amekamilisha chanjo, na nyumbani hakuna tena aliyevuta sigara karibu naye. Siwezi kukuapia kwamba ni matone yaliyofanya kazi hiyo. Naamini mbavu ngumu zilimsaidia kukohoa, zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Ndiyo maana nasisitiza yale ambayo kinga yake haina ubishi: chanjo ya nimokokasi na ya Hib (bakteria wawili wanaoleta nimonia), ya surua na ya kifaduro kwa wakati wake, kunyonyesha maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kunawa mikono kwa sabuni, na kumweka mtoto mbali na moshi wa aina yoyote. Matone hayachukui nafasi ya hata moja kati ya hayo.

Na akianza kukohoa, hesabu pumzi zake. Subiri atulie au alale, pandisha nguo uone kifua na tumbo, weka saa mbele yako, uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima, si nusu ukazidisha mara mbili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hizo ni pumzi za haraka, mpeleke akaonwe siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usimalize hata kuhesabu. Nenda hospitali, na uchukue chupa ya matone pamoja na kadi ya kliniki, daktari ajue anatumia nini na kiasi gani.