Hesabu Awamu Kabla ya Kutafuta Nyota: Ushauri kwa Anayeanza Besiboli ya Kompyuta

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya besiboli yanayochezwa na kompyuta hukuta karibu historia nzima ya ligi kuu ya Marekani imewekwa mbele yake, kila mchezaji akiwa na bei. Katika SimLeague ya WhatIfSports, mchezo ninaoupenda kwa dhati, unateua wachezaji 25 bila kuvuka kikomo cha mishahara, kisha kompyuta huchezesha mechi 162 kwa kutumia takwimu za kweli za msimu uliouchagua. Ni vema kuelewa mapema kwamba unachonunua ni msimu mmoja wa mchezaji. Barry Bonds wa 2004, aliyefika kituoni (alama ya uwanjani ambako mpigaji hukimbilia akielekea kupata alama) katika asilimia 60.9 ya zamu zake za kupiga, hafanani hata kidogo na Barry Bonds wa 1986, kijana aliyekuwa anaanza tu.

Ushauri wangu wa kwanza, na ninaouthamini kuliko mingine yote, ni kuhesabu awamu, yaani vipindi vya mechi ambavyo ndani yake kila timu hupata nafasi ya kupiga, kabla ya kutazama jina lolote. Mechi 162 zenye awamu 9 kila moja ni awamu 1,458 ambazo lazima mtu fulani arushe mpira, na kompyuta humchosha mrushaji anayetumiwa kupita kiasi cha awamu alizorusha katika msimu wake halisi. Pedro Martínez wa 2000 alirusha awamu 217 kwa ubora wa kushangaza, lakini ukiwa naye bado zimebaki awamu zaidi ya 1,200, na fedha nyingi zimekwisha kwenda. Ed Walsh wa 1908, kwa upande mwingine, alirusha awamu 464 katika msimu mmoja, kwa sababu enzi zile mrushaji alitarajiwa kuumaliza mchezo alioanza. Mimi huwagawa warushaji katika makundi mawili: wale wa kushinda mechi, ambao huwawekea fedha, na warushaji wawili au watatu wa bei ya chini kabisa, ambao kazi yao ni kubeba awamu za mechi ambazo tayari zimepotea, ili walio bora wapumzike. Hesabu hiyo hiyo inawahusu wapigaji, kwani kikosi huhitaji takriban zamu 6,000 kwa msimu, na mpigaji hodari aliyecheza nusu msimu atakuwa amechoka wakati unapomhitaji zaidi.

Jambo la pili ni kusoma takwimu pamoja na enzi zake. Mrushaji Bob Gibson wa 1968 aliruhusu wastani wa alama 1.12 kwa kila awamu 9 (bila kuhesabu zinazotokana na makosa ya walinzi), wakati Pedro wa 2000 aliruhusu 1.74, na mgeni atadhani Gibson ndiye bora. Lakini mwaka 1968 wapigaji wote walikuwa wanateseka, kiasi kwamba baadaye kilima cha mrushaji, yaani mwinuko anaposimama kurusha, kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10, ilhali mwaka 2000 wastani wa ligi aliyochezea Pedro ulikuwa karibu 4.9. Kompyuta hulinganisha mchezaji na wenzake wa wakati wake. Vivyo hivyo, Frank Baker aliongoza ligi yake mwaka 1911 kwa homurani 11 tu (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kupata alama), na idadi hiyo inayoonekana ndogo ina uzito wake.

Uwanja uchague mapema, si mwishoni. Coors Field ya Denver, iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, huongeza alama kwa pande zote mbili, na Astrodome, uwanja wa zamani wa Houston, huzipunguza. Kikosi chenye warushaji imara na wapigaji wa kawaida kinafaa zaidi katika ule wa pili.

Mashindano makubwa yana ugumu wake wa pekee, kwa kuwa mara nyingi mtu mmoja hujenga vikosi kadhaa, kila kimoja chini ya kikomo tofauti cha mishahara, na baadhi ya kanuni humkataza kumtumia mchezaji yule yule katika vikosi viwili. Hapo ninashauri uanze na kikosi chenye kikomo cha chini kabisa, kwa sababu wachezaji wa bei nafuu walio na ubora wa kweli ni wachache, nao wakishapangwa kwingine huwezi kuwapata tena, ilhali kwenye kikomo cha juu nyota wa kuchagua wamejaa. Katika kikosi hicho maskini, usiuze ulinzi ili upate nguvu ya kupiga. Mdakaji na mlinzi anayesimama kati ya kituo cha 2 na cha 3 hugusa mipira mingi mno, na kila kosa lao humwongezea mrushaji kazi, yaani hula zile awamu ulizozihesabu kwa makini. Ukikosa fedha za kuwapata wote wawili, punguza fedha unazomtengea mchezaji wa kituo cha kwanza.