Kipande cha Silikoni Kinajuaje Kama Kuna Joto, Damu au Gesi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi najifunza ufundi simu. Simu ikipata moto inaandika betri imezidi joto na inagoma kuchaji, sasa nimefungua nyingi tu kukitafuta hicho kipimajoto na sijakiona. Kinakaa wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Umekiona mara nyingi ila hukukijua, maana ni kapunje kadogo kama ufuta, mara nyingi kako kwenye kale kabodi kembamba ka betri, na kanaitwa thamista. Shaba ukiipasha moto umeme unapita kwa taabu zaidi, lakini semikondakta nyingi, yaani vitu kama silikoni vinavyopitisha umeme nusunusu, ziko kinyume, joto likipanda elektroni zinajinasua kwa wingi na umeme unapita kirahisi, jambo ambalo Michael Faraday aliliona mwaka 1833 kwenye salfidi ya fedha, zamani kabla hata hatujawa na taa ya umeme ya kuwasha ndani. Thamista nyingi za namna hii zinasoma ohm 10,000, yaani kipimo cha jinsi zinavyozuia umeme, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Tafuta moja ya peke yake, weka multimita, halafu ibane kwa vidole viwili, utaona namba inashuka kwa joto la mkono wako tu.

Chipu yenyewe nayo inajipima. Ndani ya silikoni kuna dayodi, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na volti yake ambayo kwa kawaida ni 0.6 hivi inapungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, basi chipu inasoma hiyo volti na kujua imefika wapi. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba hii tabia mwanzoni ilikuwa kero tupu. Transista ya kwanza, ile swichi ndogo ya umeme inayojaa ndani ya chipu, ya John Bardeen na Walter Brattain pale maabara ya Bell Labs Marekani, Desemba 1947, ilikuwa ya jemaniamu, semikondakta nyingine, na jemaniamu ikipata joto inavujisha umeme ovyo, ndo maana watu wakahamia silikoni inayovumilia zaidi. Yaani ule udhaifu waliokuwa wanaukimbia ndo huohuo leo tunautumia kupimia.

Sasa nikuombe kitu, na nakuomba kwa dhati. Kuna mafundi, thamista ikifa au betri ikiwa siyo ya simu ile, wanachomelea rezista ya kawaida ya ohm 10,000 ili simu ikubali kuchaji. Inakubali kweli! Lakini kuanzia hapo simu inaamini betri iko nyuzi 25 siku zote, hata ikiwa inaungua, na betri ya lithiamu ikizidi joto inaweza kuvimba na kushika moto, na mwenye simu amelala nayo kitandani hana habari. Usifanye hivyo hata mteja akikubembeleza. Badilisha betri.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mama yangu ana shida ya mapafu na anapimwa kwa kile kibanio cha kidoleni. Wanamwambia afute rangi ya kucha, na mikono ikiwa ya baridi namba zinarukaruka. Kwa nini, na tuziamini kiasi gani?

JIBU: Marahaba, na umpe mama pole sana. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili za LED, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi na nyingine ya infraredi kama 940 ambayo jicho halioni, na upande wa pili kuna dayodi ya silikoni inayogeuza mwanga kuwa umeme. Damu yenye oksijeni nyingi na ile yenye kidogo hazimezi hizo taa mbili kwa kiwango kimoja, kwa hiyo mashine inalinganisha. Lakini kidole kina mfupa, ngozi na damu ya vena, utajuaje ipi ni damu ya ateri, ile inayotoka moyoni na oksijeni? Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, alikuwa anapima kitu kingine cha moyo kwa mwanga na mapigo yakawa yanamvurugia vipimo, na akiwa anahangaika kuyaondoa akagundua kwamba kinachodunda ndo damu ya ateri yenyewe, hivyo mwaka 1974 akatoa njia ya kupima oksijeni kwa kutumia huohuo mdundo. Mkono wa baridi mdundo unakuwa hafifu, na rangi ya kucha inameza mwanga, basi namba zinayumba. Mpashe mikono, atulie, subirini namba ikae.

Kuna jingine ambalo watu wengi hawaambiwi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kwa sababu weusi wa ngozi nao unameza mwanga. Kwa hiyo kama ngozi ya mama ni nyeusi, namba nzuri peke yake isiwatulize. Akihema kwa shida, midomo ikibadilika rangi au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali hata kama kibanio kinasema asilimia 95.

SWALI: King'ora changu cha gesi kinalia nikipuliza pafyumu. Kimeharibika?

JIBU: Hapana. Ving'ora vingi vya gesi vinatumia oksaidi ya bati, ubunifu wa Naoyoshi Taguchi wa mwaka 1962. Oksijeni ya hewani inang'ang'ania juu yake na kushika elektroni, gesi ikija inaiondoa hiyo oksijeni, elektroni zinaachiwa na umeme unapita. Spiriti iliyo kwenye pafyumu inafanya kazi ileile, na kifaa hakina namna ya kutofautisha. Pulizia mbali nacho, ila usikizime, na angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma maana uso wake unachakaa taratibu hata kama taa ya kijani bado inawaka.