Mchezaji wa Mwezi Mara Moja

Maswali ya wiki hii yametoka kwa waendeshaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo mwendeshaji anasimulia kisa na kila mchezaji anaigiza mhusika wake, dadu zikiamua matokeo, na kilio ni kimoja: mchezaji anayekuja akipata nafasi.

Tunacheza kila Jumamosi, watu watano. Mmoja ni nesi, zamu zinamwachia siku moja kwa mwezi. Tumsubiri?

Msimsubiri. Mkiahirisha mara mbili, wengine nao wataanza kuuliza saa nane mchana, "Kwani leo tunacheza?" Hapo meza imekufa. Wakitimia watatu, rusheni dadu. Kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kufunga kikao. Miaka ya 2000 Mmarekani Ben Robbins aliendesha kampeni, yaani kisa kimoja cha vikao vingi, aliyoiita West Marches, ya wachezaji zaidi ya kumi wasiokutana wote kwa pamoja: kila safari ilianzia mjini na kuishia mjini. Si lazima muige yote, igeni huko kurudi mjini. Mimi nilikaidi, nikafunga kikao mashujaa wakiwa katikati ya daraja la kamba, joka linashuka. Wiki iliyofuata mpiga mishale hakutokea. Nusu saa nzima tulibishana amepotelea wapi, juu ya daraja lisilo hata na jiwe la kujificha.

Asipokuwepo, nani amchezee mhusika wake?

Asichezewe. Akifia mikononi mwa mwingine, mtasimangwa hadi harusini. Abaki mjini anauguza mguu.

Amerudi mhusika wake akiwa levo (ngazi ya nguvu) ya 2, wenzake wako ya 5. Wanasema kupandishwa bila jasho ni dhuluma.

Mpandishe. Katika toleo la 5 la kanuni za mchezo, levo ya 5 ndipo mpiganaji anapata shambulio la pili na mchawi anarusha mpira wa moto: dadu 8 za pande sita, wastani wa pointi 28 za majeraha. Wa levo ya 2 akirushiwa mpira kama huo na adui, hata akikwepa nusu, anaweza kulala chali. Utakuwa umemwalika aje kutazama maiti yake. Wanaokuja kila wiki wana malipo yao: dhahabu, panga za uchawi, na siri ambazo yeye hakuzisikia.

Shemeji anakuja likizo wiki mbili, hajawahi kucheza.

Usimpe mchawi, atashinda anasoma. Mpe mpiganaji aliyekwisha kuandaliwa, au mtu wa hapo kijijini. Wangu nilimpa mwenye nyumba ya wageni. Alikataa kupunguza bei hata senti, mashujaa wakalala zizini.