Fursa Zipo, Sasa Kazi Yako Iko Wapi?

Wiki iliyopita nimepata meseji inboksi kutoka kwa mdogo wangu mmoja ambaye hata hatujawahi kuonana, ananiambia dada hongera kwa kuchaguliwa, ila na sisi mtukumbuke basi, maana hizi fursa kila siku wanapata wale wale. Nikaisoma, nikaweka simu pembeni. Usiku nikairudia, maana ilinichoma, wale wale ndo kina nani? Mimi? Mimi mwenye daftari la majibu kumi na moja ya kukataliwa, yote nimeyaandika kwa tarehe, mengine nimeandika na pembeni nilivyojisikia siku hiyo?

Kwa ambao hamjui, mwezi uliopita nimechaguliwa kwenda residensi ya uandishi, wiki sita, unapewa chumba na meza na ukimya, kazi yako ni moja tu, kuurekebisha muswada wako. Wangu ni wa filamu ndefu, ya kwanza. Nimefurahi jamani, sitajifanya mnyenyekevu hapa, ile email nilipoifungua nilijifungia bafuni nikalia mpaka nikaulizwa kama naumwa.

Sasa huyu mdogo wangu alitaka nimtumie link. Watu wote wanataka link. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nipo kwenye magrupu manane ya WhatsApp ya fursa za wasanii, kila tangazo nalihifadhi, sina hata hadithi moja niliyoimaliza. Miaka miwili imekatika hivyo, nisiwachoshe nayo.

Niwaambie yale yaliyonipata baada ya kuanza kutuma.

Kuna hadithi fupi niliiandika, na nasema mwenyewe, ilikuwa imekaa. Maneno kama elfu tatu hivi. Nilivyoimaliza kiherehere kikanishika, nikaipost Facebook yote, nikapata likes zaidi ya mia mbili, watu wanashea, mwalimu wangu wa zamani akakoment, nikajiona nimefika. Baada ya miezi mitatu kukatokea shindano, nikaituma ile ile. Ikapenya! Ikaingia kwenye orodha ya kwanza, nikawaambia mpaka majirani. Halafu ikaja email ya mistari miwili, kwamba kazi yako tumeiona imeshachapishwa kwa hiyo imeondolewa. Nilibisha mwenyewe chumbani, imechapishwa wapi, mimi sina kitabu mimi? Kumbe kwa wenzetu kupost ndo kuchapisha. Ilikuwa kwenye masharti, sharti la nne, na nilikuwa nimeyapitia kwa kidole tu nikishuka chini kutafuta zawadi ni shingapi.

Toka hapo nikaanza kusoma masharti kama mtu anayesoma hukumu yake, na ndo nikagundua kitu ambacho sijasikia watu wakikiongelea kwenye hayo magrupu yetu. Hadithi hiyo hiyo moja, mlango huu inafukuzwa na mlango wa pili inakaribishwa. Chukua Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, wao wanataka hadithi ambayo haijachapishwa, kati ya maneno 2,000 na 5,000, kutuma ni bure, na wanapokea hata iliyoandikwa kwa Kiswahili, ndiyo, Kiswahili chetu hiki, almradi uwe raia wa nchi mwanachama. Halafu njoo Caine Prize, nayo ni tuzo ya hadithi fupi, hawa ni kinyume, wao wanataka hadithi ya mwandishi wa Kiafrika iliyokwisha kuchapishwa, iwe kwa Kiingereza au imetafsiriwa kwa Kiingereza, na anayeituma ni mchapishaji wako, sio wewe. Ukienda tuzo ya Safal-Cornell, ile iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hiyo ni ya Kiswahili kabisa, na pale muswada mpya unapokelewa na kitabu kilichotoka karibuni pia kinapokelewa. Umeona? Sasa mtu anaandika hadithi moja anairusha kote siku moja, akikataliwa anasema kuna upendeleo. Upendeleo upo, sikatai, mimi sio mtoto. Ila yangu ile hata majaji hawakupata nafasi ya kunipendelea au kunichukia, niliondolewa na sharti la nne.

Na hizi tuzo sio pesa tu. Binyavanga Wainaina, yule mwandishi wa Kenya, alishinda Caine 2002, mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha Kwani?, jarida ambalo waandishi wengine wakapata pa kutokea. Mimi nikifikiriaga hilo nasisimka, mtu mmoja anapita mlangoni halafu anauacha wazi.

Haya, upande wa filamu ndo nimeumia zaidi.

Filamu yangu fupi ya kwanza, dakika kumi na nne, tulishuti kwa kamera ya kuazima kwa siku tatu. Mwishoni kuna sini mama anafua nguo peke yake, na rafiki yangu aliyekuwa anaedit akaweka wimbo wa mtu mkubwa pale chini, jamani ilikuwa inaliza. Nikamuuliza na hii ruhusa je? Akasema weka tu, nani atajua. Tamasha likaikubali. Likaikubali kweli, na programu karibu itoke. Wakaomba karatasi ya ruhusa ya muziki. Sina. Nikajaribu kumtafuta mwenye wimbo, meneja wake hakujibu mpaka leo. Nikasema basi tubadilishe wimbo, mwenzangu akaniambia faili la mradi limefutika, amebaki na video iliyokwisha kutoka tu, sauti za watu na muziki vimeungana, huwezi kuvitenganisha. Filamu ikatolewa. Siku ya tamasha nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta.

Kwa hiyo, tumia muziki wa kwako. Mtafute mpiga gitaa wa mtaani mwandikiane karatasi, hata ya daftari, asaini na wewe usaini. Na mafaili ya mradi uwe nayo wewe, nakala mbili, usimwachie mtu, hata akiwa rafiki, tena hasa akiwa rafiki.

Ambalo linanipeleka kwa yule mwingine. Sitamtaja, anajijua, na najua anasoma. Tulikaa naye usiku mwingi sana namsimulia hadithi yangu, kila sini, mpaka jinsi mlango unavyofungwa mwishoni, yeye akiwa prodyuza na mimi mwandishi, hivyo ndivyo tulivyokubaliana kwa mdomo. Sikuandika hata ukurasa. Mwaka uliofuata nimealikwa kwenda kuangalia filamu, nimekaa siti ya nyuma, naangalia mlango wangu ule unafungwa kwenye skrini, jina la mwandishi ni lake. Nikamuuliza mtu anayejua sheria, akanipa jibu ambalo nilikuwa sitaki kulisikia. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa 1886 ambao nchi nyingi zimo, kazi yako inalindwa toka unapoitunga na kuiweka kwenye umbo, hata bila muhuri wa ofisi yoyote, lakini wazo lenyewe halilindwi, kinacholindwa ni vile ulivyolieleza. Mimi nilikuwa na maneno ya usiku tu. Yeye alikuwa na kurasa tisini. Sijui kama nimemsamehe. Siku nyingine naona nimemsamehe, halafu nakutana na bango lake.

Andikeni jamani. Ukishaandika jitumie mwenyewe kwa email ili tarehe ibaki, halafu ndo usimulie. Na kama nchi yako ina ofisi ya hakimiliki kasajili, itakusaidia siku ya kubishana.

Kingine ambacho kilinipotezea muda ni kudhani filamu inaanza na kamera. Nilikuwa nahangaika kuazima kamera, kuazima lenzi, kumbe wenzangu wanaandika. Kuna mfuko unaitwa Hubert Bals, upo chini ya tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, toka 1988, wanasaidia dairekta wa Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingine, na wanasaidia mpaka hatua ya kuandika muswada, yani hujashuti kitu. Tamasha la filamu la Berlin nao wana mfuko wao, World Cinema Fund, toka 2004, ila hao kwenye mpango wao mkuu wanataka uwe na prodyuza mshirika wa Ujerumani, kwa hiyo usikurupuke peke yako. Kote huko hawakuulizi kamera yako ni aina gani. Wanataka hadithi yako kwa kurasa chache, maelezo yako kama dairekta kwa nini wewe na kwa nini hadithi hii, mpango wa kazi, na bajeti iliyo na akili. Maelezo ya dairekta mimi nilikuwa naandika filamu hii itaelimisha jamii. Kila mtu anaelimisha jamii! Mara hii nimeandika kuhusu mikono ya mama yangu ilivyokuwa ikichubuka kwa sabuni, ukurasa mmoja na nusu, na kwenye barua ya residensi wameitaja hiyo mikono. Bajeti nilimwomba mtu anayejua hesabu, mimi hapo sijiongopei.

Ah, na matapeli. Kuna tamasha la mtandaoni nililipa ada, ndani ya wiki nimeshinda, nikatumiwa lile jani la ushindi la kuweka kwenye posta. Nikapost, mkanipongeza wengi humu, asanteni. Hakukuwa na ukumbi wala mtazamaji hata mmoja, na wiki ile washindi tulikuwa zaidi ya arobaini. Siku hizi kabla sijalipa natafuta picha za mwaka uliopita, nione viti, nione watu wamekaa kwenye hivyo viti. Nikikosa, silipi.

Mtasema dada anaongea kama ameshafika. Sijafika, filamu ndefu bado ni makaratasi. Ila naongea hivi kwa sababu nimechoka kuona vijana wenye vipaji kuliko mimi wanakaa wanahesabu nani kapata, mara ya ngapi, anatoka wapi, anajuana na nani, na ukiwauliza kazi yako iko wapi wanakuambia ipo kichwani. Kichwani hakuna attachment! Fursa inafunguliwa wiki tatu, nne, huwezi kuanza kuandika siku ile tangazo linatoka ukategemea kushindana na mtu aliyemaliza mwaka jana akarekebisha mara sita. Mimi hii ya sasa hivi muswada ulikuwa umeshalala kwenye droo miezi minane, tangazo lilipotoka nilihitaji siku mbili tu, moja ya kujaza fomu, moja ya kusoma masharti tena. Maliza kazi. Narudia, maliza kazi, hata kama ni mbaya, mbaya iliyoisha inarekebishika.

Yule mdogo wangu nilimjibu asubuhi yake. Sikumtumia link, nilimwambia nitumie kitu ulichokwisha kumaliza, hadithi, muswada, chochote, nikisome nikuambie kinafaa kwenda wapi. Akaweka vimoyo vitatu, akasema dada ubarikiwe, naituma leo leo. Hii ni siku ya tisa. Jana usiku simu ikalia, nikaona jina lake nikafurahi, nikafungua haraka, alikuwa amefowadi tangazo, chini yake ameandika, dada hii unaionaje?