Wakikuita semina ya wamisionari ng'ambo, nenda na swali lako

Wiki hii mwinjilisti mmoja kijana wa Likasi, huku kwetu Kongo, ameniandikia: "Baba Pasta, wamenialika semina ya wamisionari wapya kule Tanzania. Nibebe nini?" Furaha yake naijua. Nami nilipotumwa kwa wavuvi wa upande wa Kasenga, kanisa letu la Kilutheri lilinipeleka semina kama hiyo Usa River, karibu na Arusha, nikajifunze kwa ndugu zetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania.

Mambo ya njia nayasema haraka. Pasipoti na karte ya manjano ya chanjo kaa nazo mwilini, si ndani ya valizi. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa faranga zetu hazina kazi. Beba dola, na ziwe noti kubwa, maana kule noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini. Wazee wape shikamoo. Basi.

Kilichonikaa moyoni ni kingine. Kila nikisema natoka Kongo, watu wananishika mkono: "Pole sana na vita!" Ni kweli, Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na wanaoteseka ni ndugu zetu. Lakini kutoka Lubumbashi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege. Siku ya taarifa, wenzangu wote walieleza huduma zao; mimi nikaambiwa niongoze sala ya amani. Niliomba, tena kwa moyo. Ila bado inaniuma, sifichi.

Mwalimu mmoja alitufundisha vizuri sana juu ya Bruno Gutmann, Mjerumani wa Misioni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro 1902 na kukaa na Wachaga, kwa vipindi, hadi 1938. Alijenga usharika juu ya vile alivyovikuta: ukoo, ujirani, rika. Nikainua mkono. Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba. Mluba wa Kasai anapakana ukuta na Mbemba na Mlunda, na koo zao ziko mbali. Sisi tujenge juu ya nini? Akasema tutalirudia. Hatukulirudia. Wakati wa chai nikalijibu mwenyewe kwa waliotaka kusikia: kwetu kuna kwaya, na kuna likelemba, vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu. Akina mama wanaochangiana kila mwezi wanajuana kwa msiba na kwa arusi, anzia kwao. Mchungaji mmoja wa Zambia akatoa daftari akaandika. Hilo lilinifurahisha kuliko cheti.

Jumapili tukapelekwa usharika wa jirani. Baada ya baraka watu hawakutawanyika. Walimzunguka mzee wa kanisa aliyeshika kuku kwa miguu, kichwa chini. Wasio na pesa walikuwa wameleta mayai, maziwa, mkungu wa ndizi, na sasa vinanadiwa. "Elfu tano!" "Sita!" Bwana mmoja akanunua ule mkungu, akaurudisha palepale, ukauzwa tena. Waalikwa wenzangu wanapiga picha. Mimi nikamsogelea mhazini: nani anaandika? Nani anashika pesa? Kisichouzika kinaenda wapi?

Maswali hayo nilitoka nayo nyumbani. Kwa wavuvi wangu sahani ya sadaka ilikuwa inarudi karibu tupu, na samaki wapo tele. Leo samaki wakavu wananadiwa mlangoni mwa kanisa, na mwinjilisti wa kule anapata sabuni na unga bila kungoja barua ya wafadhili. Wapo wanaonung'unika kwamba tumeleta soko kanisani. Nawauliza: mjane aliyeleta samaki watatu, ametoa sadaka au hakutoa?

Ndugu zangu, tunapenda mno picha na askofu. Tunarudi na mfuko wenye nembo, tunauweka sebuleni, na parokia inabaki ilivyokuwa. Mungu hakukutuma kukusanya mifuko! Nenda na swali. Narudia: swali la pale unapohudumu, si la vitabuni. Ukinyimwa nafasi ukumbini, lipeleke mezani kwa chakula, lipeleke jikoni kwa akina mama wanaopika.

Na wewe kijana wa Likasi, kabla ya kuulizia tiketi, kaa na mhazini wa parokia yako. Muulize ni jambo gani linamnyima usingizi. Liandike kwa maneno yake. Akisema ni mshahara wako, liandike hivyohivyo.