Paka Mzee Anayekunywa Maji Kutwa

SWALI

Bwana Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa makamo, mkaazi wa Kibokoni, na nina paka jike wa miaka 16 aitwaye Zafarani, ambaye marehemu mama yangu alimwokota angali mchanga, akamlea hadi siku aliyofariki. Tangu Ramadhani ilipokwisha amekonda hata mifupa ya mgongo wake inahesabika ukimpapasa. Anakunywa maji kutwa, mpaka huingiza kichwa katika ndoo ya kutawadhia, na sasa anakojoa juu ya mkeka wa ukumbini, jambo ambalo hajapata kulifanya. Chakula hukinusa, kisha akakiacha. Kaka yangu asema tumpeleke karibu na soko la samaki akaishi na wenziwe, binti yangu asema apigwe sindano apumzike, nami usingizi hauji. Je, nimpe robo ya Panadol imtulize maumivu wakati tukishauriana?

Mama Z., Mombasa

JIBU

Waalaykum salaam, mama. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa halingoji: usimpe dawa hiyo, si robo wala chembe. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama liwezavyo ini la binadamu, na sumu inayobaki huharibu damu yake, ufizi ukageuka rangi ya kahawia, uso ukavimba, na akaweza kufa kwa kipande ambacho mtu mzima angekimeza bila kuhisi lolote. Ikiwa mmoja wenu ameshampa, msisubiri dalili. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Nikirudi kwenye maradhi yenyewe, kiu, mkojo mwingi, kukonda na kukataa chakula kwa paka wa umri huo hunifanya nifikirie kwanza figo. Figo zikidhoofika hushindwa kuyarudisha maji mwilini, mkojo ukatoka mwingi na mwepesi, na kunywa kutwa ndiyo njia ya mnyama kufidia anachopoteza. Kwa hiyo msimnyime maji ili kuuokoa mkeka. Mwekeeni bakuli mbili tatu mahali anapolala, na beseni la mchanga karibu naye, lenye ukingo mfupi, kwani paka mzee mwenye viungo vinavyouma huenda hakuuchagua mkeka kwa utundu bali alishindwa kufika uani. (Ikiwa ndoo ya udhu inakutia wasiwasi, wanazuoni wengi wanasema maji aliyoyanywa paka hubaki tohara.)

Hata hivyo, barua haipimi damu. Kisukari nacho huleta kiu na kukonda, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi humkondesha paka ingawa mara nyingi huwa anakula sana, na jino bovu pekee latosha kumfanya anuse samaki na kumwacha. Ndiyo maana naona nyumba yenu imeanza ugomvi kabla ya wakati wake: kaka na binti wanabishania hukumu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Mwombeni daktari apime damu, mkojo na msukumo wa damu, kwa sababu msukumo ukipanda, kama unavyopanda kwa wengi wenye figo mbovu, paka aweza kupofuka ghafula.

Ikithibitika kuwa ni figo, hazitapona, lakini wapo paka wanaoishi nazo miezi mingi, wengine miaka. Matunzo yake ni ya kila siku: dawa ya kichefuchefu, chakula chenye fosforasi kidogo, na pengine maji ya dripu yanayotiwa chini ya ngozi ya shingo, kazi ambayo watu wengi hujifunza kuifanya wenyewe nyumbani. Hapa ndipo ninapokutaka uwe mkweli kwa nafsi yako. Nani atakayemshika Zafarani na nani atakayechoma sindano, na nani atabaki naye ukienda harusini Lamu kwa juma zima? Muulize daktari gharama ya mwezi mzima kabla ya kukubali, kwani matibabu mepesi yanayofanyika kila siku yanamfaa kuliko makubwa yatakayoachwa katikati.

Jikoni, mabaki ya mchuzi yakomeshwe, maana vitunguu, viwe maji au thomu, huharibu damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Papa wa chumvi na dagaa wakavu nao waondoke. Kwa sasa mpe changu aliyechemshwa kwa maji matupu, asiye na miba, akiwa na uvuguvugu ili harufu ipande, maana kula kidogo ni bora kuliko kutokula kabisa. Akipitisha siku mbili bila kula, ini lake nalo huanza kuingia hatarini.

Shauri la kaka yako silikubali. Paka aliyelelewa ndani miaka 16 hatawaweza mashume wa sokoni, na sote tumesoma hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Kumtupa mgonjwa asiyeweza kujitafutia sioni kama kuko mbali na hapo.

La binti yako ni zito zaidi, na sikulibeza. Sindano hiyo ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, na paka huzirai kabla moyo haujasimama. Wanazuoni hawana kauli moja juu yake, basi muulize unayemwamini mapema, usingoje usiku wa dhiki. Kwa upande wangu, ningetazama mambo aliyokuwa akiyapenda. Je, bado hujilamba manyoya, hupanda barazani alasiri, huja akisikia kisu juu ya ubao? Tia alama kwenye kalenda kila siku njema na kila siku mbaya, na mpime uzito kila Ijumaa kwa kupanda mizani ukiwa umempakata, kisha bila yeye. Siku mbaya zikishazidi njema kwa majuma mawili ilhali dawa anapewa sawasawa, mazungumzo na binti yako yatakuwa na msingi.

Mpeleke asubuhi kabla jua halijawa kali, ndani ya kapu lenye kifuniko, juu ya kanga aliyozoea kuilalia. Ukiweza kuupata mkojo wa siku hiyo katika beseni tupu lililooshwa, utie katika chupa safi uende nao.