Fundi, seva yetu isahihishe anwani zilizokosewa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Natunza seva ya barua pepe (tunatumia Postfix) kwenye ofisi ya kupandisha wageni mlimani, hapa Sakina, Arusha. Dada wa mapokezi alipishanisha herufi mbili kwenye anwani ya kazini ya mgeni. Barua ya kuthibitisha safari ya Machame ikakaa foleni siku tano ndipo ikarudi, mgeni ameshalipa kwingine. Kila wiki tunaona pia gmial.com na gmail.co. Bosi anataka seva isahihishe yenyewe. Inawezekana? – Msomaji, Sakina

JIBU: Marahaba. Inawezekana, na niliwahi kuifanya hapa Moshi, nikajuta. Niliandika kanuni kwenye recipient_canonical_maps: kila ymail.com igeuzwe gmail.com. Kwenye kibodi y na g ni majirani, nikajua kidole kimeteleza. Kumbe ymail.com ipo kweli, ni ya Yahoo. Ankara na nakala ya pasipoti ya mama mmoja zikaenda kwa mtu mwingine kabisa mwenye jina kama lake huko Gmail. Huyo bwana alijibu kwa upole, akauliza Londorossi (lango la kupandia Kilimanjaro) ni wapi.

Seva haina fomu ya mgeni mbele yake. Dada wa mapokezi anayo. Basi seva ikatae, tena papo hapo, naye asahihishe. Fungua faili, tuseme /etc/postfix/makosa, uandike:

gmial.com REJECT Umekosea, andika gmail.com

Ipitishe kwenye postmap, amri inayoigeuza faili isomeke na Postfix, kisha kwenye main.cf weka check_recipient_access hash:/etc/postfix/makosa ndani ya smtpd_recipient_restrictions (masharti ya anwani za wapokeaji), mwanzoni kabisa, kabla ya permit_mynetworks na permit_sasl_authenticated. Ukiiweka nyuma yake, watu wa ofisini wanaruhusiwa kabla hata orodha haijasomwa, utabaki unakuna kichwa. Angalia pia master.cf: mara nyingi mlango 587, ambao programu za watu wa ofisini hutumia kutuma barua, umewekewa masharti yake peke yake. Ikikaa sawa, dada akibonyeza kutuma, programu kama Thunderbird itamwonyesha maneno yako. Yaandike kwa Kiswahili, atayasoma.

Fomu ya tovuti ni habari nyingine. Ikiwa inatuma kwa amri ya sendmail kwenye mashine hiyo hiyo, haipiti kwenye masharti hayo. Hapo tumia transport_maps, orodha inayoiambia Postfix barua ya kila kikoa (jina lililo baada ya @) ipitie wapi:

gmial.com error:5.1.2 Umekosea, andika gmail.com

Orodha iwe fupi, itoke kwenye logi zenu. Usinakili orodha ndefu ya mtu, utamfungia mgeni wa hotmail.co.uk ambaye hakukosea chochote. Na yahoo.con usihangaike nayo: hakuna vikoa vya .con, kwa hiyo barua inarudi yenyewe muda huo huo.

Sasa ile barua ya Machame. Orodha isingeisaidia, maana huwezi kukisia kila kampuni duniani itakosewaje. Kikoa kile kilipatikana ila seva yake haikuitika, na Postfix ikaendelea kujaribu hadi maximal_queue_lifetime ilipoisha, ambayo bila kuguswa ni siku 5. Tatizo hasa ni kwamba siku zote hizo haikumwambia mtu, kwa sababu delay_warning_time huja ikiwa 0h, yaani kimya. Iweke 2h, halafu postfix reload. Dada atapata taarifa kabla ya chakula cha mchana na kumpigia mgeni simu. Zile siku 5 mimi ningeziacha: seva ya mgeni inaweza kuzimika wikiendi nzima ikarudi Jumatatu, na barua halali ikafika.

Bosi akiuliza kwa nini kukataa tu, mwambie baadhi ya vikoa vilivyokosewa vina wenyewe, na wanapokea barua. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba barua za jeshi la Marekani, za .mil, zilikuwa zikiishia kwenye kikoa cha nchi ya Mali kwa miaka, kwa kuwa watu waliruka herufi i wakaandika .ml. Ninyi mnatuma pasipoti za watu.

Asubuhi kabla wageni hawajaanza kuandika, piga mailq, amri ya kuonyesha foleni, uone nani mwingine amekwama.